MAUMIVU YA USO: JE, KUTAFUTA NAFUU NI UPUNGUFU WA IMANI?

Ndugu msomaji, miongoni mwa maradhi yanayomjaribu mwanadamu yako ambayo jirani huyaona kwa macho, kama kidonda, uvimbe au homa, na kwa hiyo humwonea mgonjwa huruma. Lakini yako mengine yasiyoonekana hata kidogo. Mtu ameketi barazani, uso wake hauna jeraha wala uvimbe. Mara anashtuka, anafumba macho, anainua mkono karibu na shavu lake bila kuthubutu kuligusa, na machozi yanamtoka. Baada ya muda mfupi, pengine wa kuhesabu mpaka kumi tu, yote yamekwisha. Waliokaa naye hutazamana. Mmoja husema ni jino. Mwingine husema ni jini. Na kama mgonjwa huyo ni mtu aliyeingia karibuni katika dini ya Islam, hatakosekana wa tatu atakayesema: "Tangu alipoivua hirizi ya babu yake ndipo haya yalipomwanza."

Makala hii imeandikwa kwa ajili ya mgonjwa wa namna hiyo aliyeko Nachingwea au Ruangwa, na hasa kwa ndugu ambaye bado ni mgeni katika Jumuiya yetu au bado anachunguza. Kwake yeye maumivu si maumivu ya mwili tu. Upepo wa baridi wa asubuhi za Juni na Julai ukimpiga shavuni, anapata pigo kama la umeme. Maji ya udhu yakimgusa usoni, anapata pigo jingine. Basi anajiuliza: Je, Mwenyezi Mungu amenikasirikia? Je, nikienda hospitali nitakuwa nimemtegemea binadamu badala ya Mungu? Je, sala yangu itakubaliwa ikiwa siwezi kunawa uso? Na usiku, maumivu yanapozidi, linakuja swali la nne ambalo haoni vyema kumwambia mtu: Je, nirudi kwa mganga?

Tuanze na neno la yule jirani wa tatu, kwa sababu ndilo linaloumiza zaidi. Kama ugonjwa ungekuwa dalili ya kughadhibikiwa na Mungu, basi Manabii wasingeugua. Kurani Tukufu inatueleza habari za Nabii Ayubu a.s., mja mwema aliyepatwa na taabu kubwa. Mtukufu Mtume Muhammad s.a.w. mwenyewe alipatwa na homa kali katika ugonjwa wake wa mwisho, naye alifundisha kwamba Mwislamu hapatwi na uchovu, maradhi wala huzuni, hata mwiba unaomchoma, ila Mwenyezi Mungu humfutia kwa hayo baadhi ya makosa yake. Na Seyidna Ahmad a.s., Masihi Aliyeahidiwa, aliishi miaka mingi na maradhi mawili: moja la sehemu ya juu ya mwili, yaani maumivu ya kichwa na kizunguzungu, na la pili la sehemu ya chini, yaani kwenda haja ndogo mara nyingi sana. Wala hakuyaficha. Alieleza kwamba hayo ndiyo yale mavazi mawili ya rangi ya manjano ambayo Hadithi inasema Masihi atashuka nayo, kwa kuwa katika elimu ya ndoto vazi la manjano maana yake ni ugonjwa. Angalia basi: jambo ambalo watu wangelihesabu kuwa aibu, yeye alilihesabu kuwa alama ya ukweli wake.

Kwa hiyo ndugu yangu, usikubali mtu akuambie kwamba umeugua kwa sababu umeamini.

Ugonjwa wenyewe

Katika kila upande wa kichwa uko mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kwenye ubongo na kugawanyika matawi matatu. Tawi la kwanza huenda kwenye paji la uso na jicho, la pili huenda kwenye shavu na taya la juu, na la tatu huenda kwenye taya la chini. Kazi ya mshipa huu ni kupeleka habari: kwamba maji ni ya baridi, kwamba nzi ametua shavuni, kwamba chakula ni cha moto. (Usiuchanganye na mshipa mwingine wa uso unaotikisa misuli. Huo ukiharibika mdomo huenda upande na jicho halifumbi, lakini hapana maumivu ya namna tunayoieleza.)

Kwa wagonjwa wengi, chanzo cha maumivu haya ni mshipa mdogo wa damu uliougusa mshipa huo wa fahamu pale unapotokea kwenye ubongo. Kila moyo unapopiga, mshipa wa damu nao hupiga, na kwa miaka mingi huukwaruza ule wa fahamu mpaka ngozi yake ya nje inalika. Ni kama waya wa umeme uliochunika mpira wake: ukiguswa kidogo tu, cheche huruka. Hivyo mguso mwepesi wa maji, upepo, mswaki, wembe wa kunyolea ndevu, au kutafuna kipande cha muhogo, hufika kwenye ubongo kama pigo la umeme. Kila pigo hudumu sekunde chache, na mara nyingi halizidi dakika mbili, lakini laweza kurudi mara nyingi kwa siku. Kwa kawaida huwa upande mmoja wa uso. Huwapata zaidi watu waliozidi umri wa miaka 50, na wanawake kuliko wanaume. Pengine hutoweka kwa majuma au miezi, kisha hurudi. Hapo ndipo mganga hupata sifa: alitoa dawa yake siku ambayo maumivu yalikuwa karibu kuondoka yenyewe.

Haya si maradhi mapya, wala si maradhi ya kabila au nchi fulani. Mganga Mwislamu wa Uajemi aitwaye Ismail Jurjani, katika kitabu kikubwa cha tiba alichokiandika kwa Kiajemi mwanzoni mwa karne ya 12, alieleza maumivu ya uso ya namna hii na akataja kwamba sababu yake ni ukaribu wa mshipa wa damu na mshipa wa fahamu. Ulaya ilichelewa sana kulijua jambo hilo. Mwaka 1934 daktari wa Marekani, Walter Dandy, alipowapasua wagonjwa aliiona mishipa hiyo ya damu kwa macho yake, na katika miaka ya 1960 daktari mwingine wa huko, Peter Jannetta, akaanza kuitenganisha mishipa hiyo miwili kwa upasuaji. Tunalitaja jambo hili si kwa kujisifu. Tunalitaja ili ndugu anayedhani kwamba elimu ya tiba ni mali ya wasio Waislamu ajue kwamba babu zake katika imani waliifanyia kazi.

Habari ya meno

Kwa kuwa maumivu hutokea mara nyingi kwenye taya, mgonjwa hudhani ni jino. Humwendea mng'oa meno, naye humng'oa. Maumivu hayaondoki. Hung'olewa la pili, na la tatu, mpaka taya linabaki tupu na maumivu yako palepale. Mwaka 1677 mwanafalsafa wa Uingereza John Locke, ambaye alikuwa pia daktari, aliitwa mjini Paris kumtazama mke wa balozi wa Uingereza aliyekuwa akilia kwa maumivu ya upande mmoja wa uso, naye alikuwa amekwisha kung'olewa meno bila kupata nafuu. Mke wa balozi, katika mji mkuu wa Ufaransa! Basi mkulima wa korosho wa Ruangwa asione haya kwamba alidanganyika.

Unapomwendea daktari wa meno mweleze mambo matatu: maumivu hudumu muda gani, huamshwa na nini, na kama usiku ukiwa umelala kimya huyasikia. Jino bovu huuma mfululizo, huvimba, na mara nyingi humnyima mtu usingizi. Ugonjwa tunaousema hupiga na kuacha, na kwa wengi hutulia wakiwa usingizini. Usikubali jino zima ling'olewe kwa kubahatisha.

Seyidna Ahmad a.s. anasimulia katika kitabu chake Haqiqatul-Wahi, kilichotolewa mwaka 1907, kwamba siku moja aliumwa jino mno hata akakosa raha kabisa. Alimwuliza mtu kama kuna dawa, akaambiwa hakuna ila kuling'oa, na moyo wake ukachelea. Akiwa katika hali hiyo alilaza kichwa chake kwenye ukingo wa kitanda, usingizi mdogo ukamchukua, na alipozinduka ulimini mwake kulikuwa na maneno yenye maana kwamba mtu anapougua Mungu ndiye amponyaye, na maumivu hayakuwapo tena. Tazama mpango wa jambo hili: aliuliza dawa kwanza. Hakuona kuwa kuuliza dawa ni kumsahau Mungu.

"Nimepewa dawa ya kifafa"

Aspirini na panadol, ambazo ndizo mtu huzikimbilia dukani, hazifai kitu kwa maumivu haya. Dawa inayofaa kwa kuanzia huitwa kabamazepini. Ilitengenezwa mwaka 1953 na mkemia Walter Schindler mjini Basel, Uswisi, na mwaka 1962 daktari mmoja wa Sweden, Blom, alitangaza kwamba inawapa nafuu wagonjwa wa maumivu ya uso. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, nayo hutumika sana nchini kwetu kwa kuwatibu wenye kifafa.

Na hapo ndipo penye mtihani. Mgonjwa hutoka hospitali na pakiti yake, humwonyesha mtu anayeijua, naye humwambia: "Hii ni dawa ya kifafa." Basi mgonjwa huingiwa na hofu. Hudhani ama daktari amekosea, ama anamficha jambo, ama kijiji kizima kitamwita mwenye kifafa na binti yake hataolewa. Pakiti hutupwa kapuni. Tunasema hivi: dawa hii hutuliza mishipa ya fahamu inayorusha cheche bila sababu. Kwa mwenye kifafa cheche hizo zimo ndani ya ubongo; kwako wewe zimo katika mshipa wa uso. Maji yale yale huzima moto wa jikoni na moto wa shambani. (Tena hata mwenye kifafa hana aibu yoyote; ni mgonjwa kama wagonjwa wengine, na anayemkimbia ndiye mwenye kosa.)

Daktari huanza na kiasi kidogo, kwa kawaida miligramu 100 mara mbili kwa siku, kisha huongeza polepole mpaka maumivu yatulie. Usijiongezee mwenyewe, wala usiache ghafula siku utakapojisikia vizuri. Siku za mwanzo huleta usingizi na kizunguzungu. Kwa hiyo usipande mkorosho wala usiendeshe pikipiki mpaka mwili uzoee. Ukiona vipele vimetoka mwilini, au vidonda mdomoni na machoni, iache dawa na urudi kwa daktari siku hiyo hiyo, maana kwa watu wachache huleta madhara makubwa. Mwanamke mwenye mimba au anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango amwambie daktari mapema. Vivyo hivyo anayetumia dawa za kupunguza makali ya Virusi vya Ukimwi, kwa sababu kabamazepini hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa hizo. Wako wanaoficha jambo hili kwa haya; haya hiyo inaweza kuwagharimu maisha.

Yako pia maumivu ya uso yanayofuata mkanda wa jeshi, yaani yale malengelenge yanayotoka upande mmoja. Hayo huwaka mfululizo kama moto, nayo yana dawa nyingine. Malengelenge yakitoka usoni, na hasa karibu na jicho, usingoje: dawa ya asikloviri hufaa zaidi ikianzwa ndani ya siku tatu, na jicho laweza kuokolewa. Na kama maumivu yamempata kijana, au yako pande zote mbili, au uso umekufa ganzi, daktari atataka kupiga picha ya kichwa, maana pengine kuna uvimbe.

Aende wapi? Aanze katika hospitali ya wilaya, Nachingwea au Ruangwa. Akihitaji kuendelea, wa Ruangwa hupitia njia panda ya Nanganga kwenda Nyangao au Ndanda, na wa Nachingwea hupitia Masasi kufika Ndanda. Mtwara iko Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini. Kwa upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu mabingwa wako Dar es Salaam, katika taasisi ya MOI iliyopo Muhimbili. Wako ndugu wanaosita kuingia Ndanda au Nyangao kwa kuwa ni hospitali za misheni. Sisi tunatofautiana na Wakristo katika mambo makubwa ya itikadi, na kila mwezi tunayaeleza. Lakini Mtukufu Mtume s.a.w. aliwahi kumtuma sahaba wake aliyeugua kwa mganga wa Kiarabu Harith bin Kalada kwa sababu ya ujuzi wake, na kusilimu kwake hakukuthibitika kwa wanahistoria. Ingia, utibiwe, ushukuru.

Hirizi, kombe na chale

Sasa turudi kwenye swali la usiku. Mganga atasema ni jini amekaa shavuni. Atachanja chale kwenye kipaji kwa wembe ambao huenda umemchanja mwingine kabla yako. Mwingine, mwenye kilemba, ataandika aya kwa zafarani ndani ya sahani, aioshe, akunyweshe, na akupe nyingine uifunge shingoni. Huyu wa pili ni hatari kuliko wa kwanza, kwa kuwa anatumia jina la Mungu. Kurani Tukufu imeteremshwa isomwe, ifahamike na ifuatwe. Haikuteremshwa iwe wino wa kunywa. Na Mtume s.a.w. alikataza hirizi kwa maneno makali, akizihesabu kuwa shirki, kwa sababu moyo wa mwenye kuivaa hubadili tegemeo lake kutoka kwa Mungu na kulipeleka kwenye kamba.

Sisi watu wa kusini tunalijua jambo hili kwa damu. Mwaka 1905 wazee wa Wamwera na makabila mengine waliinuka kupigana na dhuluma ya Wajerumani, na ushujaa wao hatuudharau. Lakini waliambiwa kwamba maji ya dawa yatazigeuza risasi, na risasi hazikugeuka.

Kumwomba Mungu kwa maneno ni jambo jingine kabisa, nalo ni Sunna. Sahaba Uthman bin Abil-As r.a. alilalamika kwa Mtume s.a.w. juu ya maumivu ya mwili wake, akafundishwa aweke mkono wake mahali panapouma, ataje jina la Mwenyezi Mungu mara tatu, kisha mara saba ajikinge kwa nguvu na uwezo wa Mungu na shari ya anachokisikia na anachokihofu. Mwenye maumivu ya uso asiyeweza kugusa shavu lake aweke mkono karibu. Mungu haombwi kwa vidole.

Udhu, sala na saumu

Hapa ndipo mgonjwa mcha Mungu anapojitesa zaidi, na tunataka asome kwa makini. Imesimuliwa katika Hadithi za Abu Daud kwamba masahaba walikuwa safarini, mmoja wao akapigwa na jiwe likampasua kichwa. Usiku akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kwamba hawamwonei ruhusa maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume s.a.w. alighadhibika, akasema kwamba wao ndio waliomwua, na akauliza kwa nini hawakuuliza walipokuwa hawajui, kwani tiba ya ujinga ni kuuliza.

Watu wale hawakuwa waovu. Walikuwa na bidii ya dini bila elimu yake. Basi wewe unayejimwagia maji ya baridi usoni mara tatu kila sala, ukilia, kwa kudhani kwamba ndiyo thawabu, jitazame.

Kwanza, Mtume s.a.w. alitawadha kwa kuosha mara tatu, na pia mara mbili, na pia mara moja. Kwa hiyo mara moja yatosha. Pili, pasha maji moto kidogo, na badala ya kuyarusha usoni yapitishe kwa kiganja polepole, ukianza na upande mzima. Tatu, mgonjwa ana ruhusa ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri, na Magharibi na Isha. Kwa kukusanya hivyo, na kwa kuutunza udhu, huenda ukanawa mara tatu tu kwa siku. Nne, pigo la maumivu likishapita, mara nyingi huja kitambo kidogo ambacho mshipa hautoi cheche. Wagonjwa wengi hukijua kitambo hicho na hukitumia kula na kunawa. Tano, kama maji yanakudhuru hata hivyo, Kurani Tukufu imetoa ruhusa ya tayamamu kwa mgonjwa, wazi kabisa, katika Sura ya 4 Aya ya 44 na Sura ya 5 Aya ya 7. Utasema: hata tayamamu ni kupaka uso, na mguso mwepesi ndio unaoniumiza! Kweli. Basi pitisha mkono pale unapoweza, na usipoweza uache, kwani Mwenyezi Mungu ameamuru aogopwe kwa kadiri ya uwezo wa mtu. Mwulize mubalighi wako, na usione haya. Umekwisha kusoma hapo juu ni nini tiba ya ujinga.

Kuhusu sala yenyewe, Imran bin Husain r.a. alikuwa na ugonjwa, akaambiwa na Mtume s.a.w. asali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Kama paji la uso haliwezi kugusa mkeka, inama kwa ishara. Na dua zako ukishindwa kutamka kwa sababu midomo ikicheza maumivu huja, zipitishe moyoni.

Saumu ina hukumu yake. Dawa hii haina budi kumezwa kwa saa zake, mchana na usiku. Katika Sura ya 2 Aya ya 185 na 186 Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine, na ambaye ugonjwa wake haumpi nafasi ya kulipa hutoa fidia ya kumlisha maskini. Seyidna Ahmad a.s. alikuwa mkali katika jambo hili, lakini ukali wake ulikuwa kinyume cha ule wa watu wengi: alisema kwamba mgonjwa au msafiri anayefunga huvunja amri iliyo wazi ya Mungu, kwa kuwa wokovu hupatikana kwa fadhila Yake, si kwa mtu kujilazimisha. Mke wa mgonjwa au mama mkwe asimwite mvivu.

Mtu anapotamani kufa

Tuseme jambo hili waziwazi, kwa kuwa madaktari hulijua na viongozi wa dini hulinyamazia. Maumivu haya ni miongoni mwa makali yanayojulikana, na wako waliotamani kufa kwa ajili yake. Mtume s.a.w. alimkataza Mwislamu kutamani mauti kwa sababu ya dhara lililompata, na akamfundisha, kama hana budi kusema, aombe Mungu amwache hai maadamu uhai ni heri kwake. Ona kwamba hakumkemea mgonjwa kwa kuwaza hivyo. Alimpa maneno mengine ya kusema. Ukifika hapo, usikae peke yako. Mwite mtu, umwambie, na urudi hospitali, kwa maana dawa ya kwanza isipofaa zipo nyingine, na kiasi cha dawa hubadilishwa, na mwisho uko upasuaji.

Wala dua usiiache ukidhani kwamba vidonge vimechukua nafasi yake. Haqiqatul-Wahi hiyohiyo inaeleza habari za kijana Abdul Karim wa Hyderabad, mwanafunzi wa Qadian, aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa. Hakuandikiwa hirizi. Alipelekwa mbali, hospitali ya Kasauli, akatibiwa kwa njia bora iliyojulikana siku hizo. Dalili zilipomrudia Qadian, walipiga simu ya maandishi Kasauli, na jibu likaja kwamba hapana la kufanya tena. Hapo, mlango wa dawa ulipofungwa, Seyidna Ahmad a.s. alimwombea kwa uchungu, na kijana akapona. (Anayeng'atwa na mbwa leo akimbilie hospitali saa ile ile, kama kijana yule alivyopelekwa.) Na mfuasi wake wa kwanza, Hadhrat Hakim Maulvi Nuruddin r.a., aliyekuja kuwa Khalifa wa Kwanza, alikuwa tabibu mashuhuri wa Maharaja wa Jammu na Kashmir. Jumuiya hii haikuanzishwa na watu walioogopa dawa.

Tulianza kwa kumtaja Nabii Ayubu a.s. Katika Sura ya 38 Aya ya 43, alipomlilia Mola wake, hakuambiwa aketi angoje. Alipewa amri inayohusu mguu wake, na wafasiri wetu wanaifahamu kuwa aliamriwa amhimize mnyama wake aende upesi, kwani mbele yake kulikuwa na maji ya baridi ya kuoga na kunywa. Dua ilikubaliwa, na jibu lake likawa safari.

Safari hiyo, kwa mgonjwa wa Ruangwa, ina nauli. Basi wewe ndugu uliye mzima, Ijumaa hii kabla hujatoka msikitini, muulize yule anayekaa nyuma na kitambaa shavuni kama anayo. Na ukimsindikiza, mkalishe upande wa gari usiopigwa na upepo.